Logi iwekwe wapi? Historia ya swali lililomtoa mwenzangu machozi

Najua nimewatupa. Tangu nirudi kutoka mazoezi ya kufundisha sijaandika hata mstari, na wapo walioanza kuniuliza pale kantini kama nimeolewa au nimefukuzwa chuo. Wala! Nipo, ni majaribio tu yalinibana. Leo nimekaa kona yangu ya maktaba, umeme upo, na nimeamua kulipa deni lote kwa mpigo. Kwa hiyo msinichoke, ni ndefu kidogo.

Mnajua mimi nasomea ualimu, masomo yangu Historia na Kiswahili. Kompyuta nazijua kwa kuchapia kazi za semina tu. Lakini fildi imenifundisha kitu ambacho hakikuwa kwenye mtaala, na nimekifuatilia mpaka mwisho wake kwa sababu kwangu mimi ni somo la historia kabisa.

Kisa chenyewe ni hiki. Shule niliyopangiwa (jina sitaji, msinisumbue) ina kompyuta moja ya kuaminika, iko ofisi ya taaluma, ina Windows 7. Ndani yake kuna kiprogramu cha kuingizia alama, kilichotengenezwa zamani kwa Visual Basic na kijana mmoja aliyewahi kusoma pale. Mwenzangu tuliyekuwa naye fildi alikabidhiwa kuingiza alama za kidato cha pili, masomo yote. Akakaa jioni mbili mfululizo, akamaliza. Karatasi za mtihani zikarudishwa kwa wanafunzi kama kawaida. Jumatatu asubuhi mwalimu wa taaluma akafungua programu ili achape ripoti. Tupu! Kidato cha pili hakuna hata alama moja.

"Mwalimu, hizi alama uliingiza, au uliniambia tu umeingiza?"

"Niliingiza, Mwalimu. Tena nilimaliza Ijumaa."

"Basi kuna mtu amezifuta. Na funguo ya ofisi ulikuwa nayo wewe."

Duh! Wiki hiyohiyo mhadhiri wetu alikuwa anakuja kutukagua. Na mnajua neno likishasemwa kwenye ofisi ya walimu, kufika saa nne ya chai limeshakuwa hadithi nyingine. Mwenzangu alilia pale nyuma ya stoo mpaka nikaogopa. Karatasi zimesharudi kwa watoto, nusu zimeshafungiwa maandazi. Ushahidi uko wapi?

Usiku nikampigia simu kijana mmoja wa hosteli ya jirani anayesoma kompyuta. Akanisikiliza, kisha akauliza swali moja tu: "Hiyo programu ina logi? Na logi yake inaandikwa wapi?" Nikamjibu kwamba logi ndiyo nini. Akacheka weee. Lakini swali lake la pili, lile la WAPI, ndilo lililomwokoa mwenzangu. Nalo lina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Nifuateni.

GOGO LA BAHARINI

Logi ni daftari la programu. Kila tukio programu inaandika mstari: saa ngapi, nani, amefanya nini, kimeharibika nini. Neno lenyewe kwa Kiingereza maana yake ni gogo. Mabaharia wa Ulaya wa zamani walikuwa wanatupa kipande cha ubao nyuma ya meli, kimefungwa kwenye kamba yenye mafundo. Meli ikienda, kamba inafunguka, nao wanahesabu mafundo mpaka mchanga wa kipimo cha muda uishe. Hiyo ndiyo kasi, na hadi leo kasi ya meli inapimwa kwa mafundo. Hesabu ile ikaandikwa kwenye daftari, daftari likaitwa kwa jina la gogo.

Angalieni hapo. Daftari la meli lilikuwa na mahali pake panapojulikana, na mtu wa kulitunza. Meli ikipata ajali, jambo la kwanza ni kuulizia daftari. Sisi wa Historia tunaita chanzo cha maandishi. Na chanzo cha maandishi kisichojulikana kilipo hakina tofauti na kisichoandikwa.

UNIX NA FAILI LISILOJIUMBA

Mfumo wa Unix ulizaliwa Bell Labs, Marekani, kuanzia mwaka 1969, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Katika Toleo la 7 la mwaka 1979, kumbukumbu za nani ameingia na nani ametoka zilikuwa kwenye faili /usr/adm/wtmp. Hiyo "adm" ni ufupisho wa utawala. Yaani mahali penyewe panakwambia msomaji ni nani: ni msimamizi wa mashine, si wewe na mimi.

Kuna jambo dogo kwenye maelekezo ya toleo lile ambalo nimelipenda sana. Programu ya kuingilia haikuliumba faili hilo. Kama lipo, inaandika. Kama halipo, inanyamaza, kumbukumbu hazitunzwi. Kwa hiyo kuwepo kwa mahali ndiyo ilikuwa ruhusa ya kuandika historia. Shikeni hilo, tutalirudia.

Tatizo la pili ni kwamba logi inakua. Kila siku mistari, hakuna anayefuta, diski ndogo, mwisho mashine inajaa. Na /usr palikuwa pamejazana: mwanzoni pa watumiaji, baadaye programu zikahamia humo, na daftari la utawala humohumo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Sun ilikuwa inauza mashine nyingi zisizo na diski, zinazosoma /usr ya pamoja kupitia mtandao. Sasa kitu kinachosomwa na mashine hamsini huwezi kuacha kila moja ikiandike. Ikabidi vinavyobadilika vitengwe na visivyobadilika. Ndipo ikaja saraka ya /var, "var" kwa maana ya vyenye kubadilika. /usr/adm ikawa /var/adm, na mpaka leo mfumo wa Solaris bado unaandika /var/adm/messages. Wengine wakafungua chumba cha logi peke yake: /var/log.

SENTI 75

Hapa niwape kisa cha kweli. Mwaka 1986 katika maabara ya Lawrence Berkeley, California, mtaalamu wa nyota Clifford Stoll alipewa kazi ya kutafuta kwa nini hesabu za matumizi ya kompyuta zina tofauti ya senti 75. Senti sabini na tano! Nani angejisumbua? Yeye akajisumbua. Akakuta kuna mtu ametumia mashine bila kulipia, na mtu huyo ana madaraka ya msimamizi mkuu ndani ya mfumo.

Sasa fikirini: mwizi ana funguo zote, pamoja na za chumba cha daftari. Ukiandika nyendo zake kwenye diski ileile, ataisoma na kuifuta. Stoll akaunganisha printa kwenye laini za simu zinazoingia maabara, kila herufi aliyobonyeza mgeni ikachapwa kwenye karatasi, nje ya kompyuta kabisa. Baada ya miezi mingi ya kufuatilia ikajulikana kuwa mgeni ni Markus Hess, kijana wa Ujerumani Magharibi, na habari zilikuwa zinauzwa kwa KGB ya Urusi ya Kisovieti.

Somo la pili basi: daftari lisikae mahali ambapo anayeandikwa ndani yake anaweza kulifuta.

BARUA NA MTU WA KATI

Chuo Kikuu cha California hapohapo Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Eric Allman alikuwa anatengeneza Sendmail, programu ya kupeleka barua pepe. Barua zina vituko: zinapotea, zinarudi, zinazunguka. Alihitaji daftari zuri, akatengeneza syslog. Akili yake ilikuwa hivi: programu isiamue iandike wapi. Programu ipaze sauti tu, iseme mimi ni fulani, na jambo langu ni zito kiasi hiki (kuna ngazi nane, kuanzia 0 ya balaa mpaka 7 ya umbea wa mafundi kwikwikwi). Kisha mtu wa kati anasikiliza na kuangalia maagizo ya msimamizi: hili liende faili hili, lile liende mashine nyingine kabisa.

Kitu hicho kikapendwa, kila mtu akakiiga kwa namna yake bila kanuni ya maandishi. Mpaka Agosti 2001 ndipo likatoka andiko la RFC 3164 kueleza tu jinsi watu walivyokuwa wanafanya tayari, na kanuni yenyewe hasa, RFC 5424, ikatoka Machi 2009. Kumbe hata huko mila hutangulia sheria.

Linux nayo ilipoanza kugawanywa na makundi mbalimbali, kila kundi likaweka vitu kivyake. Agosti 1993 watu wakaanza kujadiliana, na tarehe 14 Februari 1994 (siku ya wapendanao, jamani!) wakatoa mwongozo wa kwanza wa mpangilio wa saraka. Ukaboreshwa na kuitwa FHS, toleo la 3.0 likatoka Juni 2015. Humo imeandikwa wazi kwamba logi nyingi ni lazima ziende /var/log au saraka iliyo ndani yake. Basi, ubishi ukaisha. Angalau kwa programu za mfumo.

WINDOWS NA DAFTARI LENYE VIVULI

Sasa tunakaribia ofisi ya taaluma. Windows NT ya mwaka 1993 ilikuja na daftari lake rasmi la matukio, linatunzwa ndani ya folda za mfumo na linasomwa kwa programu maalumu. Lakini watengenezaji wadogo wengi hawakulitumia. Rahisi zaidi ilikuwa kufungua faili la maandishi palepale programu ilipo, ndani ya C:\Program Files. Enzi za Windows 95 na 98 hakuna aliyekuzuia, na Windows XP ya mwaka 2001 watu wengi nyumbani waliitumia wakiwa na madaraka ya msimamizi. Kila mtu bosi.

Januari 2007 ikaja Vista, na mlango ukafungwa. Mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika ndani ya Program Files. Kanuni mpya: data ya mtumiaji mmoja iende AppData ndani ya folda yake, data ya wote iende C:\ProgramData. Sawa, lakini zile programu za zamani zilizoshazoea kuandika nyumbani kwao? Zingekufa zote siku moja. Microsoft wakafanya ujanja. Programu ya zamani ya biti 32 isiyojua kanuni mpya ikijaribu kuandika Program Files, Windows inaiitikia "sawa, nimeandika", kumbe imepeleka faili kimyakimya kwenye folda iliyofichwa ya mtumiaji huyo, inaitwa VirtualStore. Programu ikija kusoma, inapewa kutoka hukohuko. Haijui kama imehamishwa.

Mmeshaelewa? Kila mtumiaji ana nakala YAKE. Mwalimu wa taaluma anaingia kwa jina lake. Mwenzangu aliingia kwa jina lililowekwa kwa ajili ya walimu wa fildi. Programu moja, kompyuta moja, kiti kimoja, lakini mafaili mawili ya alama yasiyoonana. Mwalimu alipofungua alisoma la kwake, ambalo kidato cha pili hajawahi kukigusa.

Jumanne asubuhi nilishika simu sikioni, yule kijana ananielekeza. Weka vitu vilivyofichwa vionekane. Fungua Users. Fungua jina la fildi. AppData, Local, VirtualStore, Program Files. Mwenzangu amesimama nyuma yangu, nasikia anavyopumua. Mwalimu wa taaluma amekunja mikono mlangoni. Na pale, folda ya programu, ndani yake faili la alama na pembeni yake kifaili cha maandishi. Logi. Nikakifungua. Mstari kwa mstari: Alhamisi jioni, kidato cha pili, Hisabati, imehifadhiwa. Ijumaa jioni, Kiswahili, imehifadhiwa. Mpaka somo la mwisho.

Mwalimu akasogea, akavaa miwani, akasoma yote kimya. Halafu akasema, "Haya. Tumeziona." Basi. Pole hakusema, ila alipomwona mwenzangu chai ya saa nne alimsogezea kiti akae karibu yake, na kwa mtu mzima kama yule nadhani ndiyo ilikuwa pole yenyewe. Mwenzangu anasema hajatosheka. Sijui nyinyi mnaonaje.

WENGINE WALIAMUAJE

Nikarudi chuo nikaendelea kuchimba. Apple kwenye Mac OS X ya mwaka 2001 walipanga vizuri: logi za mtumiaji ziko ~/Library/Logs, za mashine nzima /Library/Logs, na za upande wa Unix /var/log. Lakini mwaka 2016, kwenye macOS Sierra, wakahamia mfumo mmoja wa pamoja ambao unatunza kwa lugha ya mashine chini ya /var/db/diagnostics. Huwezi tena kufungua kwa macho matupu, unahitaji programu ya Console. Ni haraka na hakuli nafasi sana, lakini msomaji wa kawaida amepoteza kitu.

Kwenye Linux nako palibaki swali: programu ya mtumiaji wa kawaida, asiyeruhusiwa kuandika /var/log, ifanyeje? Mwongozo wa XDG ulioanza mwaka 2003 ulipanga mahali pa mipangilio, pa data na pa vitu vya muda, lakini logi haikupewa kiti. Wengine wakaiweka kwenye data, wengine kwenye vitu vya muda, wengine wakamwaga faili katikati ya nyumba ya mtumiaji. Mwaka 2021 ndipo toleo la 0.8 likaongeza mahali pa "hali ya programu", ~/.local/state, na likataja logi kuwa mojawapo ya vya kuwekwa humo. Miaka kumi na minane!

Na kumbukeni lile la mwaka 1979. Mwaka 2011 watengenezaji wa systemd walitangaza daftari lao jipya la Linux, journal. Kwa chaguo-msingi lake kwa miaka mingi, kama saraka ya /var/log/journal ilikuwepo, kumbukumbu zilitunzwa. Kama haikuwepo, zilikaa /run/log/journal, ambako ni kwenye memori tu, na ukizima mashine zilikuwa zimekwenda. Tena ileile! Kuwepo kwa mahali ndiyo ruhusa ya kukumbuka. Miaka thelathini na mbili imepita, wazo limerudi limevaa suti nyingine.

Mwaka huohuo watu wa Heroku waliandika kanuni kumi na mbili za programu za mtandaoni, na kuhusu logi walisema programu isishughulike na mafaili kabisa: itoe maneno yake kama mkondo, mazingira ndiyo yatajua yapeleke wapi. Ukitazama vizuri ni Eric Allman yuleyule.

KWA HIYO IWEKWE WAPI?

Kwa rafiki zangu mnaosoma kompyuta, mkitengeneza programu msiwaachie walimu mateso. Chaguo-msingi ndilo litakalotumika, kwa sababu hakuna mwalimu atakayefungua mipangilio kubadilisha. Mimi nimejifupishia hivi:

- Huduma ya mashine nzima kwenye Linux: syslog au journal, au saraka yako ndani ya /var/log.
- Programu ya mtumiaji mmoja kwenye Linux: ~/.local/state.
- Windows, ya mtumiaji mmoja: folda yako ndani ya AppData\Local. Ya wote: C:\ProgramData, na upange ruhusa mapema. Program Files kamwe!
- Mac: ~/Library/Logs.
- Popote pale: weka kikomo ili isijaze diski, na usiandike siri za watu humo. Kisha, na hili nawaomba kwa magoti, weka kitufe ndani ya programu kinachosema "Fungua logi". Mwalimu asihitaji kupiga simu usiku.

Nimeona kwamba mjadala wote huu wa mahali unarudi kwenye maswali yetu ya darasa la Historia. Nani ameandika? Nani anaruhusiwa kusoma? Nani anaweza kufuta? Na siku ya kesi, daftari litapatikana? Yule kijana wa Visual Basic, popote alipo, hakujibu maswali hayo vizuri. Aliweka logi yake mahali pabaya. Lakini ALIANDIKA. Angeona uvivu siku ile, mwenzangu angerudi chuo na doa ambalo hakuna sabuni ya kulitoa.

Alama zimenakiliwa, ripoti zimetoka, ukaguzi wetu umepita salama. Mwenzangu sasa ana daftari la karatasi, kila anachofanya ofisini anaandika saa na tarehe, na anatembea nalo kwenye mkoba. Nimemtania kwamba anatembea na gogo. Hajacheka.

Haya, umeme umeanza kuchezacheza, naona na mkutubi ananiangalia. Tukutane kantini, na anayenidai chapati nimekumbuka.